Ua au Koni? Jinsi ya Kutofautisha Mimea ya Maua na Mimea ya Koni kwa Mikono Yako

Ukiwauliza wanafunzi wa sekondari mti wa koni unatambulikaje, wengi watakujibu kwamba majani yake ni kama sindano, na kwamba mti wa maua una majani mapana. Jibu hilo litakufaa ukiwa katikati ya mashamba ya misindano ya Sao Hill, kule Mufindi. Shuka pwani, simama chini ya mvinje, litakuangusha. Panda Usambara, simama chini ya podo, litakuangusha tena. Mvinje una vijiti vinavyofanana na sindano na vifundo vinavyofanana na koni, na bado ni mmea wa maua. Podo una majani bapa na kitu kinachofanana na tunda, na bado ni ndugu wa msindano.

Swali la kuuliza ni moja: mbegu imekaa wapi? Kwenye mmea wa maua, mbegu hutungwa na kukomaa ndani ya chumba kilichofungwa kiitwacho ovari, na ovari hiyo ndiyo huja kuwa tunda. Kwenye mmea wa koni, mbegu hukaa juu ya gamba au jani maalumu, bila chumba chochote kuizunguka. Ndiyo sababu kundi hili huitwa mimea ya mbegu uchi, au jimnospamu, na lile lingine angiospamu. Majani, urefu, harufu na ugumu wa mbao ni dalili za kusaidia tu. Hukumu hutolewa na mbegu.

Makundi haya hayalingani hata kidogo kwa wingi. Spishi za mimea ya maua zilizokwisha kupewa majina zinazidi 250,000. Za mbegu uchi ni 1,000 na kidogo. Kwa hiyo ukiokota mmea wowote njiani bila kuuangalia na kusema ni wa maua, mara nyingi sana utakuwa umepatia. Kazi ipo kwa wale wachache, na hasa kwa wale wanaojifananisha nao.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mwalimu anayetaka kufanya somo la vitendo bila maabara, mwanafunzi anayejisomea nyumbani, na mwenye kitalu anayetaka kujua anachootesha ni nini hasa.

Vifaa

Tafuta wembe mpya, kisu kidogo, karatasi nyeupe, bakuli la maji na kioo cha kukuzia. Kama kioo hakipo, kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha kwa karibu kila kitu humu isipokuwa chavua. Wembe ashike mtu mzima kama darasa ni la watoto.

Kwa vielelezo, kusanya unavyovipata kati ya hivi: koni ya msindano (wengine huuita msonobari au paini), kitawi cha mvinje chenye vifundo, ua la kunde au la haragwe, gunzi changa lenye ndevu, nanasi, bibo lenye korosho yake, na vipande viwili vya mbao kutoka kwa seremala, kimoja cha msindano na kingine cha mninga au mti wowote wa asili.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni mmea wa mbegu

Hapa usikae sana. Kangaga na kuvumwani havina mbegu wala maua wala koni. Huzaliana kwa spora. Geuza jani la kangaga, na ukiona vidoa vya kahawia vilivyopangana upande wa chini, hivyo ni vifuko vya spora, nao mmea huo weka pembeni. Maswali yote yanayofuata hayauhusu.

Hatua ya 2: Lipasue ua

Anza na ua, kwa sababu ukishaiona ovari mara moja hutaisahau. Chuma ua la kunde asubuhi. Maua ya kunde hufunguka mapema na kujifunga jua likipanda, kwa hiyo ukichelewa utakuta yamekunjamana.

Bandua petali moja moja: ile kubwa ya juu, zile mbili za ubavuni, kisha zile mbili za chini zilizoshikana. Ndani yake utakuta stameni 10, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua: tisa zimeungana na kufanya mfereji, moja iko peke yake. Zitoe zote taratibu. Kilichobaki katikati ni uzi wa kijani uliojikunja kidogo kwenye ncha. Ulaze juu ya karatasi nyeupe, upasue kwa wembe kwa urefu wake, kisha weka kioo. Utaona vishanga vyeupe vimepangana mstari mmoja. Hizo ni ovuli, mbegu ambazo bado hazijawa mbegu, na uzi huo wa kijani ni ganda la kunde likiwa bado changa. Chukua sasa ganda lililokomaa, lifungue kando yake. Mpangilio ni uleule, ila kila kitu kimekua.

Petali si lazima. Watu wengi huona mahindi, nyasi au mpunga, wakikosa rangi wanasema hakuna ua. Lipo. Mbelewele za juu ya muhindi ni maua ya kiume, na gunzi ni mkusanyiko wa maua ya kike. Menya gunzi changa kwa uangalifu, ufuate unywele mmoja wa ndevu mpaka chini, utaufikisha kwenye punje moja, punje hiyo tu. Kila unywele ni njia ya kuipelekea ovari moja chavua yake. Unywele usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi, na pengo hilo mkulima hulijua vizuri hata kama hajawahi kulisikia neno uchavushaji. Kwa hiyo kigezo cha ua ni ovari. Rangi, harufu na ukubwa vipo au havipo kulingana na nani anayebeba chavua.

Hatua ya 3: Fungua koni ya msindano

Msindano uliopandwa sana katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya ni *Pinus patula*, wenye asili ya Mexico, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia. Mti mmoja huwa na koni za aina mbili. Za kiume ni ndogo, laini, za manjano, zimesongamana kwenye vichipukizi. Ukitikisa tawi wakati wake unga wa manjano huruka, kisha koni hizo hunyauka na kudondoka. Watu wengi hawazijui kabisa. Ile ngumu inayookotwa na kupambia meza ni ya kike.

Chukua koni ya kike iliyokauka na kufunguka. Usichague gamba la kwenye shina wala la nchani, kwa sababu mengi ya hayo hayana kitu. Chagua la katikati, livute nje, uangalie uso wake wa juu. Kama mbegu bado zipo, utaziona mbili, ubavu kwa ubavu, kila moja na bawa lake jembamba. Kama zimeshapeperuka utaona mashimo mawili mepesi na alama za mabawa. Angalia sasa ulichofanya: hukupasua chochote. Hukukata ukuta, hukumenya ganda. Ulisogeza gamba, mbegu ikawa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo maana ya mbegu uchi, na kwa maoni yangu mwanafunzi aliyevuta gamba moja kwa mkono wake ameelewa zaidi ya aliyenakili ukurasa mzima.

Ukikuta koni imefunga kabisa usihangaike nayo kwa nyundo. *Pinus patula* hushikilia koni zake zikiwa zimefunga kwa muda mrefu, wakati mwingine miaka, mpaka joto liziachilie. Zianike juani juu ya bati kwa siku kadhaa, utasikia zikialika na kufunguka. Kisha fanya kinyume chake: tumbukiza koni iliyofunguka kwenye bakuli la maji. Baada ya saa moja au mbili magamba yatakuwa yamejirudisha na kujifunga, ingawa koni yenyewe ilikwisha kufa zamani. Tabaka mbili za gamba hunyonya maji na kuvimba kwa viwango tofauti, ndiyo maana gamba linapinda. Kwa njia hiyo mbegu hutoka siku kavu, zenye upepo wa kuzibeba mbali.

Hatua ya 4: Wapime wanaodanganya

Hatua hii ndiyo nzito. Chukua muda wako.

*Mvinje.* Pwani nzima kuna watu wanaoamini kwamba mvinje ni aina ya msindano, na sishangai, maana kwa mbali hata sauti ya upepo katika matawi yake ni ileile. Shika kijiti kimoja cha kijani, kile unachokiita sindano. Kiangalie dhidi ya mwanga, utaona kina vifundo vifundo kama muwa mwembamba mno. Kivute kwa pande mbili. Kitaachana kwenye kifundo. Weka kioo kwenye ncha iliyoachana, utaona taji la meno madogo sana, kati ya sita na nane. Meno hayo ndiyo majani ya mvinje. Ulichodhani ni jani ni kitawi.

Jaribu kufanya hivyo kwa sindano ya msindano: haina kifundo, haiachani, itakatika tu. Na ukiifuata mpaka chini utakuta haiko peke yake. Zimefungwa pamoja mbili, tatu au zaidi ndani ya kiala kimoja kidogo. Kwenye *Pinus patula* mara nyingi ni tatu.

Sasa kifundo cha mbegu cha mvinje. Kina midomo midogo mingi inayofunguka kikikauka. Kila mdomo ulikuwa ua moja la kike, lenye ovari iliyofungwa, na wakati wa kuchanua vishada hivyo huwa na nyuzi nyekundu unazoweza kuziona bila kioo. Kinachodondoka kutoka kwenye mdomo ni kidude bapa chenye bawa, na hicho ni tunda kamili lenye mbegu moja ndani yake. Likwangue kwa ukucha uikute mbegu. Hapo kuna ukuta, na ukuta huo ndio unaouhamisha mvinje kutoka kwenye koni kwenda kwenye maua.

Tofauti hii ina faida nje ya darasa. Mizizi ya mvinje hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, jambo ambalo msindano hauwezi. Ndiyo sababu, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi karibu na Mombasa, mvinje ulistawi mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kuitwa udongo. Anayepanda msindano kwenye mchanga mtupu wa pwani akidhani ni kitu kilekile atapata hasara.

*Nanasi.* Kwa sura ni koni, kwa umbile ni rundo la matunda. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua moja. Kata nanasi changa kwa upana chini kidogo ya macho, utaona vyumba vidogo vya ovari vimezunguka, na mara mojamoja utakuta mbegu ndogo ya kahawia ndani ya chumba. Stafeli nalo lina tabia ya namna hiyo, ovari nyingi zilizoungana, ila lake ni la ua moja.

*Mtarakwa.* Huu ni mti wa asili wa milima yetu, *Juniperus procera*, unaopatikana Kenya, Kilimanjaro na Usambara Magharibi, na mbao zake zilitumika sana kutengenezea penseli na nguzo za uzio. Mti jike huzaa vipira vya rangi ya samawati iliyoiva, vidogo kuliko punje ya njegere, na kila mtu huviita matunda. Ni koni. Magamba yake yamenenepa na kugandana. Chukua kipira kichanga, ambacho bado ni kijani, ukiangalie kwa kioo: utaona mishono ambapo gamba moja linakutana na jingine, na vijincha vidogo vya magamba. Ovari haina mishono ya namna hiyo kuzunguka pande zote, na kwa kawaida hubeba nchani kovu la mahali ilipokuwa stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua. Saiprasi, ndugu yake anayepandwa sana kwa uzio na mbao, ana koni za mviringo zilizo wazi zaidi, na ukiziweka kando ya kipira cha mtarakwa undugu unaonekana mara moja.

Angalizo dogo hapa: jina mkrismasi lisikusaidie katika lolote. Mahali pengine ni saiprasi, mahali pengine ni mti wa mapambo wa jamii ya araukaria, na pwani utasikia mtu akiuita mvinje hivyo hivyo. Wawili ni wa koni, mmoja ni wa maua.

*Podo na korosho.* Nawapenda hawa wawili wakiwekwa pamoja juu ya meza moja. *Podocarpus latifolius*, podo wa misitu ya milimani, una majani bapa marefu yasiyo na sindano yoyote, na mti jike hutoa mbegu moja ya mviringo iliyokaa juu ya kikonyo kilichovimba, chekundu au zambarau, kitamu kwa ndege. Mkorosho nao hutoa korosho iliyoning'inia nje, chini ya kikonyo kilichovimba kiitwacho bibo. Umbile ni lilelile: kikonyo kilichonona na kitu kigumu nchani. Je, vyote viwili ni mbegu uchi?

Korosho ina tabaka mbili. Kuna ganda gumu la nje, ambalo ndilo ukuta wa ovari, yaani tunda lenyewe. Halafu ndani kuna kile kiganda chembamba cha kahawia kinachomenywa baada ya kubanguliwa, na hicho ndicho ganda la mbegu. Kwa hiyo korosho yote, pamoja na ganda lake, ni tunda, na bibo ni kikonyo tu. (Usikate ganda bichi kwa mikono mitupu, maana mafuta yake huunguza ngozi. Tumia iliyokwisha kubanguliwa pamoja na vipande vya maganda yake.) Podo haina ukuta wa ovari. Kinachoizunguka mbegu yake kwa nje ni gamba la koni lililojikunja na kuigandamia. Koni yake imepungua, imebaki gamba moja na mbegu moja.

*Mtapo.* Ukipita kwenye misitu ya pwani ya Kenya, au kaskazini mashariki mwa Tanzania, utaona mmea unaofanana na mchikichi mfupi, majani yake magumu yenye miiba pembeni. Huo ni mtapo, *Encephalartos hildebrandtii*. Mchikichi na mnazi ni mimea ya maua. Mtapo ni wa koni, tena koni kubwa kuliko za msindano mara nyingi. Kuna mtapo dume na mtapo jike, na kila mmoja hutoa koni yake katikati ya majani. Koni ya jike ikikomaa huachana, na mbegu zenye ganda jekundu hubaki wazi. *Cycas thouarsii*, ambao nao watu huuita mtapo, haufanyi hata koni iliyofungamana kwa upande wa jike: mbegu hukaa kwenye kingo za vijani vilivyobadilika, wazi kabisa.

Mtapo uangalie, upige picha, uuache hapo. Spishi zote za *Encephalartos* zimo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, yaani biashara yake ya kimataifa imebanwa kuliko zote, kwa sababu mimea hii hukua polepole na imechimbwa sana na wakusanyaji. Mbegu zake zina sumu. Wazee wa pwani walijua namna ya kuziloweka na kuzichakata wakati wa njaa, lakini maarifa hayo hayajifunzwi kwa kujaribu.

Hatua ya 5: Fuata chavua, kisha chakula cha mbegu

Kama una hadubini ya shule, pakaza chavua ya msindano kwenye kioo chake na tone la maji. Kila chembe ina mifuko miwili ya hewa ubavuni. Ni ya kupeperushwa, na mti huitoa kwa wingi ajabu kwa sababu upepo hauna shabaha. Ovuli ya msindano hutoa tone la majimaji linaloinasa chavua inayopita, kisha tone hunywewa ndani pamoja na chavua. Baada ya hapo mambo huenda polepole mno: karibu mwaka mzima hupita kati ya chavua kufika na utungisho wenyewe. Kwenye mahindi, chavua ikishatua juu ya unywele, utungisho hukamilika ndani ya siku moja hivi. Hapo utaelewa kwa nini kunde iliyopandwa msimu huu inaliwa msimu huu, na koni uliyoiona changa leo utaisubiri.

Lakini usihitimishe kwamba koni ni upepo na ua ni mdudu. Mahindi na mvinje huchavushwa kwa upepo, wakati mtapo huchavushwa na fukusi wanaoingia ndani ya koni. Na mitapo ina jambo jingine la kushangaza: mbegu zake za kiume zina vijinywele na huogelea kuifuata ya kike, kama kwenye kangaga. Wajapani Hirase na Ikeno ndio waliogundua hilo mwaka 1896, mmoja kwenye mti wa ginko na mwingine kwenye *Cycas*.

Tofauti ya ndani zaidi iko kwenye chakula cha mbegu. Katika mmea wa maua utungisho ni wa mara mbili: mbegu ya kiume moja huunda kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, ya pili huunda endospamu, yaani akiba ya chakula. Endospamu unayoijua kuliko zote ni nazi. Maji ya dafu na nyama nyeupe ya nazi ni endospamu, na visingekuwepo kama utungisho haukufanyika. Mmea wa maua hautumii akiba kwa mbegu ambayo haikutungwa.

Mimea ya koni hutayarisha akiba hiyo kabla ya utungisho. Matokeo yake ni kwamba mtapo jike asiye na dume jirani anaweza kutoa mbegu kubwa, nzuri kwa sura, zenye chakula kamili na zisizo na kiinitete ndani. Zitaoza kitaluni bila kuota. Wenye vitalu vilivyoruhusiwa kisheria hupasua mbegu chache za majaribio kabla ya kusia zote, wakitafuta kile kijiti cheupe cha kiinitete katikati.

Hatua ya 6: Soma mbao

Wakati mwingine mti umeshakatwa, na unachokiona ni ubao. Chukua wembe mpya, ulainishe mwisho wa ubao uliokatwa kwa upana, eneo la ukucha wa kidole gumba tu, uloweshe kidogo, kisha uangalie kwa kioo.

Kwenye mninga utaona vitundu vingi vilivyo wazi. Ni mirija ya kupitishia maji, na miti ya maua karibu yote inayo. Kwenye msindano hakuna vitundu hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya mbao yake ni seli ndefu, nyembamba, zilizopangwa safu safu, ambazo zinafanya kazi mbili pamoja, kupitisha maji na kuushikilia mti. Utaona pia vidoa vichache vya mifereji ya utomvu, vimetawanyika, visikuchanganye na mirija. Utomvu huo ndio unaogemwa kupata terpentaini na rosini.

Urefu wa seli hizo una thamani yake. Za msindano hufika milimita 3 hadi 4, za mkaratusi ni kama milimita 1 au pungufu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kiliwekwa karibu na mashamba ya misindano, na karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko hutegemea nyuzi ndefu za namna hiyo ili isichanike.

Mafundi husema mbao laini na mbao ngumu, na wataalamu wa misitu hutumia maneno hayohayo kwa koni na maua. Kwenye duka la mbao mgawanyo huo una shida: msufi ni mti wa maua, na mbao yake ni nyepesi kuliko ya msindano. Usiupime ubao kwa ukucha. Tafuta mirija.

Hatua ya 7: Sia mbegu zote kwenye trei moja

Jaza trei mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni. Gawa sehemu tatu: kunde, mahindi, msindano. Mbegu za msindano ziloweke kwenye maji kwa saa 24 kwanza. Kunde na mahindi zitachomoza ndani ya wiki. Msindano utakuchosha kusubiri, wiki mbili hadi tatu.

Kunde hutoka na kotiledoni, yaani majani ya kwanza ya mche, mbili, mahindi na moja inayobaki chini ndani ya punje, msindano na kotiledoni kadhaa zilizojipanga duara juu ya shina. Ni alama nzuri kwa msindano, ila usiigeuze kuwa sheria ya koni zote, kwa sababu podo na mtapo hutoa mbili kama kunde.

Ukitaka kuendelea na miche ya msindano mpaka ipandwe, changanya kwenye viriba kiasi kidogo cha udongo wa juu uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa. Mizizi yake huishi kwa kushirikiana na fangasi waliomo kwenye udongo huo. Bila wao miche hudumaa na kuwa ya njano, hata kama maji na mbolea vipo, na jambo hilo liliwasumbua sana waliojaribu kwanza kuotesha misindano barani Afrika. Mwagilia kwa kiasi, maana shina changa huoza usawa wa udongo likikaa kwenye tope. Na mche wa msindano ukichomoza ukiwa bado umevaa ganda la mbegu kichwani, usilivute: kotiledoni zilizofungwa humo bado zinanyonya akiba ya chakula iliyobaki. Likiisha kazi litadondoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya siku chache.